Umefunga dirisha, mlango umeuacha wazi

UKITAKA kujua siri za mtaa siku hizi usihangaike kwenda saluni wala kijiwe cha kahawa. Huko utaambulia umbeya wa juzi, tena ulishaongezwa chumvi na pilipili. Nenda steshenari. Naam, pale pale unapotolea fotokopi ya kitambulisho na kununulia bahasha. Omba kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi A na E zimefutika kwenye kibodi, ukae, uguse mausi. Wala hutafuti kitu. Kitu chenyewe kitakuja.

Utakuta barua pepe ya mtu usiyemjua iko wazi. Utakuta folda limejaa vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa vilivyoskaniwa mbele na nyuma, mikataba ya nyumba, barua za kuacha kazi na, Mungu wangu, barua za kuomba kurudishwa kazini. Kwenye skrini kuna faili linaitwa "CV mpya", la pili "CV mpya kabisa", la tatu "CV mpya ya mwisho", na la nne "CV usifute jamani". Kila moja lina mwenyewe. Kila moja lina namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, mahali mtu anapokaa na majina ya wadhamini wake watatu.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na kujitegemea kwenyewe hakujafika kwenye kununua kompyuta. Makala zangu nachapa huko huko, leo Ubungo, kesho Tandika, kutegemea umeme uko wapi. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Nimekaa kwenye vile viti.

Hebu fikiria nani anakaa kwenye kiti kimoja cha steshenari kwa siku. Asubuhi anakuja kijana wa kidato cha sita kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Anafuata mzee mstaafu, shikamoo mzee, marahaba, anatafuta barua ya mafao yake iliyotumwa kwa barua pepe ambayo alifunguliwa na mjukuu. Anakuja mama mwenye mgahawa anayetaka namba ya mlipakodi. Mchana anaingia mwalimu kuchapa mtihani wa nusu muhula. Jioni wanaingia wanafunzi wa mwalimu yule yule, wanachapa kazi zao kwenye mashine ile ile, na mtihani umelala pale mbele unawatazama. Sisemi kitu.

Wote hao, kuanzia mzee hadi mwanafunzi, kompyuta inawatambua kwa jina moja tu. Inawaita "User". Haina neno la siri. Ukiiwasha, umeingia.

Sasa tuje kwenye kasheshe yenyewe. Kuna binti mmoja, namfahamu, jina lake naliacha, amesoma diploma ya uhasibu na akakaa nyumbani mwaka mzima akituma maombi ya kazi. Hana kompyuta. Siku moja akaenda steshenari, akafungua barua pepe, akatuma maombi kwa kampuni mbili. Wakati anaingiza neno lake la siri, kile kidirisha kidogo kikamjia juu kulia kikimuuliza kama alitaka neno hilo lihifadhiwe. Foleni nyuma yake ndefu, mtu anakohoa kwa makusudi. Akabonyeza ndiyo ili kipotee. Akamaliza, akabonyeza kile ki-X chekundu cha pembeni, dirisha likafungika, akalipa, akaondoka na roho nyeupe.

Siku kumi baadaye akajaribu kufungua barua pepe kwa simu ya kaka yake. Ikamkatalia. Neno la siri si hilo. Akaomba namba ya uthibitisho itumwe kwenye simu yake, akaambiwa itatumwa kwenye namba inayoishia na tarakimu ambazo hazijui. Namba ya simu ilikuwa imebadilishwa. Wiki hiyo hiyo shangazi yake wa Dodoma akapiga simu akilia, kwamba amepata barua pepe toka kwa mtoto wake kuwa amelazwa na anahitaji hela ya dawa. Ikabidi aitwe asikie sauti yake ndipo aamini kuwa mtoto ni mzima.

Na kazi? Mmoja kati ya wale waajiri wawili alimwita kwenye usaili. Alimwita kwa barua pepe. Alikuja kulijua hilo baada ya kwenda kuuliza mapokezi, siku nne baada ya usaili kupita. Mwaka mzima wa kusubiri, mwanangu, ukaenda na ki-X.

Kitu kimoja kinachouma hapa ni hesabu ya siku. Kwa akaunti za Google, mwizi akibadilisha namba yako ya simu, namba yako ya zamani bado inaweza kukusaidia kuirudisha akaunti kwa muda wa siku 7. Yeye aligundua siku ya 10. Angekuwa na simu yake mwenyewe ya kupokea barua pepe, angeona onyo siku ile ile. Lakini angekuwa na simu hiyo, angeenda steshenari kufanya nini?

Watu wengi wanaamini kwamba ukifunga dirisha umetoka. Sikilaumu kizazi chochote kwa hilo, maana hata lugha inatudanganya: nyumbani ukifunga dirisha, umefunga. Kwenye kompyuta dirisha ni dirisha tu, mlango uko kwingine. Ukiingiza jina na neno lako la siri, tovuti ile inaiachia kompyuta kijifaili kidogo ambacho mafundi wanakiita kuki. Ichukulie kama stika wanayokubandika mkononi mlangoni mwa ukumbi wa dansi. Ukitoka nje kuvuta hewa na kurudi, mabaunsa hawakuulizi tiketi, wanatazama stika. Ubaya wa stika ya kompyuta ni kwamba haikubandikwa mkononi mwako. Imebandikwa kwenye mashine. Wewe unaondoka, stika inabaki, na anayekaa baada yako anaingia ukumbini kwa stika yako, anakunywa soda kwa jina lako.

Kubonyeza "Sign out" ndiyo kuichana ile stika. Ki-X hakiichani.

Halafu kuna lile suala la neno la siri lililohifadhiwa, ambalo ni baya zaidi. Kwa kawaida mtu akikuta barua pepe yako iko wazi atasoma, atacheka, labda atamtumia mtu ujumbe wa kijinga. Lakini kubadilisha neno la siri si rahisi, kwa sababu mfumo utamtaka aandike lile la zamani kwanza. Ndipo linapokuja lile ulilolihifadhi. Kompyuta inamjazia yenyewe, kwa adabu zote. Akitaka kulisoma kwa macho, brauza itamwambia athibitishe kwa neno la siri la Windows. Na Windows ya steshenari, kama tulivyoona, neno la siri haina. Kwa hiyo haimuulizi mtu kitu.

Msije mkadhani haya ni ya steshenari peke yake. Kuna ofisi moja mjini, ya shughuli za mizigo bandarini, ambako wafanyakazi sita wanatumia kompyuta mbili. Bwana mmoja pale aliunganisha WhatsApp yake kwenye kompyuta ya katibu muhtasi ili atoe nyaraka chapchap. Akatoa nyaraka, akasahau. Kwa muda wa miezi kadhaa ofisi nzima ilikuwa na tamthilia yake ya bure wakati wa chai. Bwana alikuwa na kamati ya harusi inachangishwa Kinondoni, na wakati huo huo ana mpenzi mwingine Temeke anayeahidiwa ndoa. Mmoja wa watazamaji wa tamthilia akashindwa kuvumilia, akapiga picha skrini, akaituma. Kamati ikavunjika, michango ikadaiwa, kizaazaa hadi kwa wazee.

Simtetei bwana yule kwa mapenzi yake, aliyataka mwenyewe. Lakini mle mle kwenye WhatsApp yake mlikuwa na majibu ya vipimo vya dada yake, ambaye alimtumia kaka yake. Hakuituma ofisi. Dada huyo hana kosa na mtu, na watu sita wasiomjua wanajua kilichoandikwa na daktari. Hilo kwenye kile kikao cha chai hakuna aliyelitaja.

Zamani kulikuwa na nafuu kidogo. WhatsApp ya kwenye kompyuta ilipoanza mwaka 2015 ilikuwa inaitegemea simu. Simu ikizima au ikikosa bando, na kule kunakatika. Tangu mwaka 2021 ulipoanza mpango mpya, kompyuta inafanya kazi yenyewe hata simu ikiwa imezimwa, na simu moja inaweza kuunganisha vifaa vinne. Itajitoa yenyewe endapo hutagusa simu yako kwa zaidi ya siku 14. Nani siku hizi anakaa siku 14 bila kugusa simu?

BWANA USER

Basi tumjadili huyu bwana User, maana ndiye chanzo.

Steshenari moja niliyokuwa nachapia, mwanafunzi wa chuo alipoteza utafiti wake. Kurasa sitini na kitu, alizozichapa jioni nne mfululizo na kuziacha kwenye mashine kwa sababu flashi yake ilikuwa na virusi. Siku ya tano hakuna faili. Dada wa kaunta anaapa hakugusa. Fundi wa printa anaapa. Mteja wa jana anaapiza hadi jina la marehemu baba yake. Mwanafunzi akadai kompyuta ichunguzwe nani alifuta. Ikachunguzwa. Aliyefungua ni User. Aliyechapa ni User. Aliyefuta, User. Kompyuta ilijua saa, dakika na sekunde, isipokuwa kitu kimoja tu: mtu.

Kazi ya akaunti ndiyo hiyo, msomaji wangu. Wengi tunadhani neno la siri limewekwa ili kumzuia mwizi wa nje. Limewekwa kwanza kwa ajili yetu sisi tunaoshiriki mashine moja, kila mtu awe na chumba chake na kila jambo liwe na mwenyewe.

Na si jambo jipya. Mwaka 1961 pale chuo cha MIT, Marekani, bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kompyuta wakati huo ilikuwa moja, kubwa ya kujaza chumba, na ghali kuliko jengo. Mfumo wao uliwawezesha watu wengi kuitumia kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye mashine yake ya kuchapia. Sasa mafaili ya watu wote yamo kwenye tumbo moja, utayatenganishaje? Wakampa kila mtu jina na neno la siri. Huo ndio unahesabiwa kuwa mwanzo wa paswedi za kompyuta. Kwa hiyo paswedi yenyewe imezaliwa kwenye kompyuta ya kushirikiana, kama ile ya Tandika.

Na wizi nao haukuchelewa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu pale pale, Allan Scherr, alikuwa amepangiwa saa nne kwa wiki, na kazi yake ilihitaji zaidi. Akagundua kwamba unaweza kuomba faili lolote lichapwe kwenye karatasi ukitoa kadi yenye jina lake. Akaomba lichapwe faili la maneno ya siri ya watu wote. Likachapwa! Akaenda kulichukua kama mtu anayechukua fotokopi zake, akawa anatumia saa za wenzake. Miaka mingi baadaye alilisimulia hilo mwenyewe.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi cha kule ni kingine. Siku moja katika miaka hiyo ya 1960, kila aliyeingia kwenye mfumo ule, badala ya kusalimiwa na tangazo la siku, alichapiwa orodha nzima ya maneno ya siri ya watumiaji wote. Mchana kweupe. Kumbe ile programu ya kuhariri ilitengenezwa kwa imani kwamba kila mtu yuko kwenye chumba chake, hivyo faili lake la muda lilikuwa na jina lile lile kila mara. Baadaye wasimamizi wakaruhusiwa kutumia chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mmoja akawa anahariri tangazo, mwenzake anahariri maneno ya siri, mafaili mawili yenye jina moja, yakabadilishana. Corbató mwenyewe alikieleza kisa hicho kwenye hotuba yake ya kupokea tuzo ya Turing. Yaani wataalamu wa MIT waliaibishwa na kitu kile kile: watu wawili kwenye akaunti moja. Mzee huyo alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 93, na mwaka 2014 alikuwa ameliambia gazeti la The Wall Street Journal kuwa maneno ya siri yamegeuka jinamizi.

Akaunti bila kufuli nayo ni mapambo. Kaka zetu waliotumia Windows 95 wanakumbuka kile kidirisha kilichouliza jina na neno la siri kwa sauti ya mamlaka. Ukibonyeza Esc, kinapotea, unaendelea na shughuli zako. Ni kama mlinzi anayekuuliza unakwenda wapi, ukinyamaza anakupisha.

KUTOKA KUNAKOGOMA

Tuseme sasa mwenye steshenari ameelewa, akafungua akaunti tatu: yake, ya dada wa kaunta, ya wateja. Hongera. Wiki ya pili atakuja kulalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito kama gari la mkaa. Nimeliona hilo mara mbili na fundi mmoja akanifungulia kisa chake.

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, mtu anaweza kumpisha mwenzake bila kutoka. Anabonyeza kubadili mtumiaji, mwenzake anaingia, na yeye bado yumo. Hajatoka! Amesogea pembeni tu, na kila alichokifungua bado kinaendelea: brauza yenye kurasa ishirini, Word, muziki aliousimamisha katikati. Watu watatu wakifanya hivyo kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, wa nne atakaa anatazama kiduara kinazunguka hadi ausahau utafiti wake unahusu nini. Watu wanasema "kompyuta ina virusi". Haina. Ina wageni ambao hawajaondoka.

Dawa yake: mwenye mamlaka ya mashine abonyeze Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, achague Task Manager, aende kwenye ukurasa wa watumiaji. Majina yote yatakuwa pale, na kila mmoja anakula kiasi gani. Abonyeze jina kwa kitufe cha kulia cha mausi, amtoe. Lakini amuulize kwanza mwenyewe kama yupo karibu, maana ambacho hakijahifadhiwa kinakwenda na maji.

Kuna wanaofunga kufuli wakidhani wametoka, wale wanaobonyeza kile kitufe chenye alama ya Windows pamoja na L. Kufuli ni zuri ukienda msalani. Ukienda nyumbani, si lenyewe. Na kuna wanaozima skrini tu, wakaona giza, wakaaga. Hao nawaachia wahusika.

Upande wa pili kuna kutoka kunakogoma. Umebonyeza "Sign out", kompyuta inakwambia kuna programu inazuia. Mara nyingi ni Word iliyojificha nyuma, ina barua ambayo haijahifadhiwa, inasubiri jibu lako. Rudi, hifadhi, funga, kisha toka. Mwenye haraka analazimisha, na barua inapotea. Mwenye haraka zaidi anachomoa waya ukutani. Enzi za XP hata ukifanya kila kitu vizuri, ilikuwa inatokea programu fulani inang'ang'ania kumbukumbu za mtumiaji, kutoka kunachukua dakika nzima, hadi Microsoft wakatoa kiprogramu cha ziada cha kuzing'oa. Kuanzia Vista Windows inafanya hivyo yenyewe.

Kuchomoa waya, au umeme kukatika ghafla, jambo ambalo sihitaji kuwafundisha, kunaweza kuharibu makabati ya mtumiaji. Hapo unakutana na mchezo mchafu kuliko yote. Unaingia kwa jina lako, unakuta skrini tupu kama mashine mpya. Kuna ujumbe unasema umepewa makazi ya muda. Wengi hawausomi, wanaufunga. Wanaanza kazi upya, wanahifadhi pale pale kwenye skrini, wanatoka. Na makazi ya muda, ukitoka, yanafutwa na kila kilichomo! Ukiona ujumbe huo usichape hata jina lako. Washa upya kompyuta, ingia tena. Ikirudia, mwite fundi, na kila kitu chako weka kwenye flashi. Mafaili yako ya zamani kwa kawaida bado yapo kwenye folda lako, hayajaenda popote. Nimewahi kumwona mtu analia kwa msiba ambao haukuwapo, na mwingine anacheka wakati msiba uko njiani.

Sasa, je, inawezekana steshenari ya kawaida kabisa ya mtaani kufanya haya? Nimeona moja. Mama mwenye duka ana mashine tatu za mitumba. Akaunti yenye mamlaka ni yake, ina neno la siri na hampi mtu, hata mume. Wateja wana akaunti ya kawaida isiyoweza kuweka wala kuondoa programu. Brauza ya wateja anaifungua mwenyewe kwa dirisha la mgeni, lile linalopatikana ukibonyeza kapicha ka juu kulia. Mteja akimaliza na madirisha ya mgeni yote yakafungwa, stika zote zinachanika zenyewe, hakuna neno la siri linalohifadhiwa, hata orodha ya tovuti alizotembelea haibaki. Kinachobaki ni mafaili aliyopakua, na hayo mama huyafuta kila jioni mbele ya yeyote aliyepo, anatangaza kabisa, "Nafagia!" Kuna ubao umeandikwa kwa maka: vitu visivyochukuliwa leo havitakuwepo kesho. Wateja walinuna wiki mbili. Baadaye wakaanza kuja na flashi.

Nilimuuliza gharama. Akacheka. Akaunti mpya ya Windows haina bei, dirisha la mgeni halina bei.

Wenye maduka wengine niliowauliza wana sababu zao. Wateja watachelewa. Printa itagoma kwenye akaunti mpya. Dada wa kaunta ataongezewa kazi, na hiyo ni kweli, dada yule analipwa kwa kukata fotokopi na kupiga laminesheni, hakuajiriwa kulinda siri za kata nzima. Mmoja aliniambia, bila haya, "Wateja wenyewe ndio wazembe." Mimi sikubaliani naye. Mteja amelipa kwa dakika zake, ana foleni nyuma, na nusu ya wateja hawajawahi kumiliki kompyuta. Mwenye mashine ndiye anayejua kwamba kesho kuna mtu mwingine kwenye kile kiti.

Na wewe unayekikuta kiti kimeachwa na akaunti ya mtu, usijidanganye kuwa kilicho wazi ni halali. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila ruhusa, na hicho wengi wamekisikia. Kifungu cha 5 ndicho kilichonifurahisha: kinakataza kubaki. Ndiyo, kubaki. Kukaa ndani ya mfumo au kuendelea kuutumia kwa makusudi baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Watunga sheria walijua kwamba mtu anaweza kukosea kwa kutotoka. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na yale makopi ya vitambulisho yaliyorundikana kwenye mashine ya steshenari ni taarifa binafsi hizo hizo. Wenye maduka wangeitafuta wakaisoma kabla haijawatafuta.

Kwa wenye simu, kazi ya leo haizidi dakika tano. WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua, kitoe. Akaunti ya Google, nenda kwenye usalama, kisha vifaa vyako. Kila mahali ambapo bado umo utapaona, na unaweza kujitoa ukiwa umelala kitandani. Baada ya hapo ndipo ubadilishe neno la siri. Wale ambao simu ni ya kaka au ya jirani, mwombeni kwa dakika hizo hizo tano, na mkimaliza mjitoe kwenye simu yake pia.

Mshikaji wangu mmoja alilifanya hilo tukiwa kijiweni, kwa ubishi tu, kunionyesha kuwa yeye si mtu wa kusahau. Akakuta simu yake, akakuta kompyuta ya ofisini, akakuta na kompyuta ya Morogoro. Morogoro alikwenda msibani mwaka jana, akaingia steshenari ya karibu na stendi kutoa kopi za ratiba ya mazishi. Akaibonyeza, akajitoa. Halafu akaagiza kahawa nyingine na hakubisha tena hadi jioni.